Mwari wa Watu Haibwi kwa Simu

Fatma Miraji hakuwa na wivu. Hilo alilisema mwenyewe, tena bila kuulizwa, asubuhi ya Jumatatu huku akimpaka hina bibi harusi mmoja wa Minjila. Alipolirudia mara ya tatu, ua lililokuwa linaanzia kwenye kidole cha shahada likaruka likatua karibu na kiwiko.

"Somo, hapo si mbali?" bibi harusi akauliza kwa adabu.

"Ndiyo mtindo mpya," Fatma akamjibu. Kufikia jioni wasichana watatu walikuwa wameshakuja kuutaka huo mtindo mpya.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Kipini, hakujaaliwa kuzaa. Kazi yake ilikuwa hina na usomo, na hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa inamla moyo. Kwa watu wa Kipini somo si mwalimu wa ubao na chaki. Ni mwanamke anayekabidhiwa msichana siku zake za kuolewa. Humfunda, humsimamia harusi, humkanda akizaa, na tangu siku hiyo huwa sanduku la siri zake mpaka mmoja wao amfukie mwenziwe. Mume huachika, somo haachiki. Na msichana huyo, hata akiota mvi na kupata wajukuu, kwa somo wake atabaki kuitwa mwari.

Fatma alikuwa na wari tisa. Wawili walihamia Mombasa, mmoja yuko Omani na humkumbuka kila Idi kwa picha ya keki, watano wamebaki Kipini. Wa tisa ni Najla, na Najla ndiye aliyemfanya Fatma afunge virago baada ya kufiwa na mume, aje Garsen kupanga chumba ukuta kwa ukuta na mwari wake. Watu wengine huzeeka na watoto wao. Fatma alipanga kuzeeka na Najla.

Miezi mitano iliyopita Najla alizaa msichana, akaitwa Tasnim. Fatma alifanya kazi yake yote: maji moto, mkanda wa tumbo, uji wa uwatu ambao harufu yake ilihamia kwenye mapazia na mpaka leo haijahama. Arubaini zikaisha. Tumbo likarudi mahali pake, damu ikakatika, rangi ikarejea. Najla mwenyewe ndiye hakurudi. Alikuwa akikaa na kitambaa mkononi, hakunji wala hakunjui. Mumewe, Adnan, dereva wa lori, alikuwa njiani siku tano kati ya saba, na hizo mbili alizokuwa nyumbani aliuliza "Vipi?" akajibiwa "Salama," akalala.

Kisha kwenye kliniki ya watoto, nesi aitwaye Valentine akampa Najla kikaratasi. Kikaratasi kilisema kuna washauri wanaozungumza na akina mama kwa simu, bila malipo, wewe uko kwako na yeye yuko kwake. Ndipo mambo yalipoharibika.

Alhamisi ya kwanza, saa nne asubuhi, Najla alijifungia chumbani na simu. Fatma hakujali. Alhamisi ya pili Fatma alijikuta, kwa bahati tu, ameweka ungo wa mchele kwenye kibaraza, na kwa bahati tu ungo huo ulikuwa umeegemea mlango wa Najla. Akasikia sauti ya mwanamke ndani ya simu. "Pole pole, Najla. Hatuna haraka." Halafu akasikia kitu kingine. Najla alikuwa analia. Kilio cha kweli, chenye kwikwi na kamasi.

Mikono ya Fatma ikaendelea kuchambua mchele, ila sasa ilitupa mchele na kubakisha mawe.

Mwana huyu hakuwahi kumlilia yeye. Siku ya harusi hakulia, siku ya kuzaa aliuma leso mpaka ikatoboka na hakulia. Mwanamke asiyejulikana kabila wala ukoo, asiyejua hata Najla anakunywa chai na tangawizi au bila, siku mbili tu, anafunguliwa mlango ambao Fatma ameubisha miaka sita! Kisha, ili kumkomoa zaidi, Najla akacheka kule ndani. Kicheko kidogo, kama cha mtu aliyekiokota mfukoni.

Alipotoka, macho mekundu, alimkuta somo wake amesimama kama afisa wa kizuizi cha barabarani.

"Ulikuwa wazungumza na nani?"

"Mshauri, somo."

"Mshauri! Na mimi ni nani, fundi wa viatu?"

"Si hivyo, somo."

"Jina lake?"

"Asenath."

"Kwao?"

"Nakuru."

"Nakuru!" Fatma akalitamka jina hilo kama mtu aliyekuta unywele kwenye pilau. "Mtu wa Nakuru ajua nini mambo yetu? Amjua nani kwetu?"

Najla akamchukua mtoto, akamlaza begani. "Hamjui mtu yeyote," akasema polepole. "Ndiyo maana namwambia." Akaingia ndani, akarudishia mlango bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

*

Shoga wa Fatma pale sokoni alikuwa Hamdi, Msomali muuza maziwa ya ngamia, mama mnene wa vicheko vinene. Mume wa Hamdi alikuwa na wake wengine wawili, mmoja Madogo na mmoja Bura, kwa hiyo kwenye elimu ya wivu Hamdi alishahitimu zamani. Wengine wote pale sokoni walikuwa bado wanalipa karo.

"Abaayo," akamwambia, maana Kisomali hivyo ndivyo dada anavyoitwa, "wewe nakuona. Hii si hasira. Hii ni uke wenza."

"Mimi sina wivu."

"Sawa. Huna. Umemuona huyo mwanamke?"

"Nimemsikia tu."

"Hapo ndio shida!" Hamdi akapiga paja. "Mke mwenza, kama hujamuona, kila siku anakuwa mrembo zaidi. Mimi yule wa Madogo nilimfikiria miezi minane. Nikafikiri ana nywele mpaka hapa, ana meno ya maziwa. Siku nimeenda kumuona, yeye ni kama mimi tu, na goti linamuuma. Nikalala usingizi kama mtoto. Enda umuone."

"Nitamuonaje? Wataka niende Nakuru?"

"Si iko kwa simu? Jiandikishe na wewe."

Kikaratasi cha kliniki Fatma alikuwa nacho. Alikuwa amekikuta kwenye kibaraza cha Najla kimeanguka, na akakiokota ili kisipotee, na kikaendelea kutopotea ndani ya sidiria yake tangu Alhamisi. Miwani ndiyo aliyoisahau nyumbani. Hamdi akafuta mikono kwenye dira, lile gauni lake pana la Kisomali, akaitoa simu yake, akaanza kumsomea fomu.

Mwanzoni mwa fomu ile paliandikwa kwamba majibu ni siri. Hamdi akalisoma hilo kwa sauti ileile anayouzia maziwa.

"Jina?"

"Fatma Miraji. Andika Somo Fatma."

"Mtoto wako ana miezi mingapi?"

"Mitano."

Hamdi akainua kichwa. "Abaayo. Wewe? Umri hamsini na nne?"

"Mwari wangu akizaa nami nimezaa. Andika."

"Mashallah. Unachagua mshauri gani?"

"Huyohuyo. Asenath."

"Sababu ya kutafuta msaada?"

"Andika: nimeibiwa mwari."

Hamdi akaandika. Muuza nyanya wa meza ya pili akaacha kupanga nyanya. "Ameibiwa nini?" akamuuliza mwenziwe. "Mwari," akajibiwa. "Walimpeleka wapi?" "Nakuru."

"Sasa haya ni maswali," Hamdi akasema. "Hizi wiki mbili, umekosa usingizi? Hapana hata kidogo, siku chache, ama karibu kila siku?"

Kabla Fatma hajafungua mdomo, muuza nyanya akajibu. "Karibu kila siku! Mie naamka kusali alfajiri, nakuta taa yake yawaka."

"Nani kakuuliza wewe?" Fatma akang'aka.

"Imeshaingia," Hamdi akasema, kidole kwenye kioo. "Chakula? Una hamu ya kula?"

"Samaki wangu hajanunua tangu juzi," likaja jibu kutoka upande wa samaki.

"Weka siku chache."

"Hamdi, funga hicho kitu."

"Moja imebaki. Unajiona hufai? Unajiona umewaangusha watu wako?"

Hapo soko zima lilimtazama Fatma likisubiri tusi. Fatma akainama, akachukua kibuyu cha maziwa asichokitaka, akakinusa.

"Acha wazi," akasema.

"Haikubali wazi."

"Basi weka unachotaka."

Hamdi alimwangalia kidogo, akabonyeza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutangaza alichobonyeza.

*

Miadi ikapangwa Jumanne, saa tisa alasiri. Hamdi akamwachia simu, akamwonyesha pa kubonyeza, akaenda zake kwa shingo upande.

Mtu anayekwenda kumuona mke mwenza haendi ovyo. Fatma alioga, akajitia wanja, akavaa doti ya leso ambayo ilikuwa bado na gundi ya dukani, na kwa kuwa mgeni ni mgeni hata akija kwa simu, akafukiza udi. Akafukiza kwa hasira. Video ilipofunguka, Asenath aliona wingu.

"Mama? Mama Fatma? Hapo kuna moto?"

"Ni udi."

"Nani?"

"U-di! Hamna kwenu?"

Moshi ukapungua, wakaonana. Fatma alikuwa amejiandaa kwa mrembo, na kwa akiba alijiandaa pia kwa mbaya. Huyu hakuwa hiki wala kile: msichana wa miaka ishirini na kitu, miwani mikubwa, nyuma yake mti mdogo kwenye ndoo. Kiswahili chake kilikuwa kigumu kama kimepigwa plasta, lakini macho hayakuwa yakitangatanga.

"Umeolewa?" Fatma akaanza.

"Bado, mama."

"Umezaa?"

"Bado."

"Sasa wamfunza nini mwari wangu?"

"Huyo mwari ni nani?"

"Usinitie ujinga. Najla! Kwetu sisi mwari ana somo mmoja. Ukimtaka mwari wa mtu, waja kwa somo wake na doti ya leso, wabisha hodi, wakaribishwa, waomba. Huingii dirishani kama nyani. Mwari wa watu haibwi kwa simu."

Msichana yule hakucheka. Hilo Fatma aliliona, na likamkera. Angecheka ingekuwa rahisi.

"Mama Fatma," Asenath akasema, "siwezi kukuambia kama namjua mtu fulani ama simjui. Akija mumewe kuniuliza, jibu ni hilo. Akija mama yake mzazi, jibu ni hilohilo. Mtu akiniambia kitu, kinabaki na mimi."

Fatma alikuwa na matusi mengine mawili mazuri ameyaweka tayari. Yote mawili yakampotea. *Akija mama yake mzazi.*

"Umeandika hulali karibu kila siku," Asenath akaendelea.

"Sikuandika mimi. Soko ndilo lililojibu."

"Na wewe ungejibu nini?"

Nje, pikipiki ikapita, ikafuatwa na vumbi lake, vumbi likaingia dirishani kusalimiana na udi. Fatma akaitazama simu ya Hamdi iliyoegemezwa kwenye mkebe wa hina. Akafikiri kuifunika. Ingetosha leso moja tu.

"Tangu Tasnim ana miezi miwili," akasema. "Tangu hapo silali."

"Ilitokea nini?"

Akaeleza, kwanza kwa mkato, halafu kwa marefu. Siku moja Najla alikuwa amemnyonyesha mtoto, akamwambia, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari: "Somo, nikimtazama huyu mtoto siuoni moyo wangu uliko. Ni kama nimeshikishwa mtoto wa jirani, na jirani hajarudi." Fatma alimwambia astahamili, ni uchovu, atakunywa uji. Kisha akaingia chumbani kwake, akapiga simu Kipini, akamwambia mama yake Najla. Mama mtu akamwambia dada yake. Ijumaa ikafika gari zima, watu wanane, na kombe la zafarani, aya zilizoandikwa sahanini zioshwe anywe, na chupa za maji ya kusomewa. Wakamtazama Najla kama mtu atakayemtupa mtoto mtoni. Siku tatu, usiku, mtoto akalazwa na bibi yake, mlango umefungwa kwa ndani. Walipoondoka, Fatma alikwenda kwa mwari wake akamuuliza hali. Najla alisema, "Sijambo, somo." Na hilo sijambo ndilo alilopewa kila siku tangu hapo, asubuhi na jioni, kama dawa.

"Kwa nini ulimwambia mama yake?" Asenath akauliza.

"Niliogopa."

"Nini?"

"Sikukijua kile kitu!" Sauti ya Fatma ikapanda, ikavunjika juu huko. "Mimi naujua mgongo, naujua uzazi, namjua mume mkali na mume bahili na mume asiyeoga. Hilo la kutouona moyo sikulijua. Nami ni somo. Somo asiyejua ni wa nini?"

"Uliwahi kumwambia mtu kwamba uliogopa?"

"Ndiyo nakwambia wewe. Tena wewe mwizi."

Wanja ukaanza safari ya kwenda kidevuni. Fatma akalia kwa ile leso mpya, ambayo kwa sababu ya gundi haikufyonza chochote, ikawa inasambaza tu. Msichana wa Nakuru hakumwambia basi, hakumwambia yatapita, hakumwambia Mungu yupo kana kwamba Fatma hajui yupo. Alikaa pale pale kwenye kioo, akangoja. Na kilichomuuma Fatma zaidi ya yote, mpaka leo ukimuuliza atakataa, ni kwamba mwizi yule alikuwa hodari wa kazi.

Mwishoni Asenath akasema ingefaa Fatma apate mshauri wake mwenyewe, si yeye. Alikuwa na mwenzake, mama mtu mzima, angempangia wiki ijayo kama anataka.

Fatma akafuta pua. "Hata wewe wanikataa?"

"Sikukatai, mama. Kila mtu na wake."

*

Jumatano asubuhi Fatma akaingia kwa Najla. Kwa desturi, mwari ndiye hukaa chini ya somo wake, na akikosa ndiye hushika miguu kuomba radhi. Fatma akapita kiti, akapita kitanda, akaketi chini kwenye mkeka, mbele ya miguu ya Najla, akaweka doti ile ya leso, sasa imefuliwa na kuanikwa.

Najla akaruka. "Somo! Inuka, watu wataona!"

"Waone. Nilitoboa sanduku lako. Nimekuja kuomba radhi."

Najla akasimama na mtoto, hajui akae wapi. Akikaa kitandani yuko juu ya somo wake, akikaa mkekani amekataa radhi. Mwisho akaegemea ukuta, nusu amesimama.

"Uliwapigia simu wewe," akasema. Halikuwa swali.

"Mimi."

"Nilijua. Nilijua siku ileile." Akamhamisha Tasnim bega. "Somo, sikukasirika kwa kuwa uliogopa. Hata mimi niliogopa. Ungenambia, 'Najla, hili silijui, naogopa,' tungeogopa wote wawili. Ukanambia ninywe uji, kisha ukaenda kuwaambia wao."

Fatma hakujitetea, na kwa wanaomfahamu hilo pekee lilistahili kuandikwa kwenye kalenda.

"Na Asenath simwachi," Najla akaongeza haraka, kama mtu anayerusha jiwe kabla hajaghairi.

Likamchoma. Likamchoma palepale pa kwanza, kana kwamba hakulia jana wala hakuoga. Akameza.

"Usimwache."

"Najua umeenda kumuona. Hamdi kaniambia. Hamdi kamwambia kila mtu."

"Ana miwani," Fatma akasema. "Ule mti wake pia wakauka, auweka mbali na dirisha."

Najla akauma mdomo wa chini. Haikuwa tabasamu, ila ilikuwa imetoka mtaa uleule. Akainama, akaichukua ile leso kutoka mkekani, akaiweka begani mwake. Kwa desturi hiyo ina maana moja, kwamba radhi imepokewa, na wote wawili walijua.

"Ukitaka kunisaidia," akasema, "kesho saa nne nishikie mtoto. Na ukae mbali na mlango."

*

Kibaraza chenyewe kilikuwa na hatua sita. Mbali na mlango ni wapi kwenye kibaraza cha hatua sita? Alhamisi saa nne kasoro dakika tano Fatma alimfunga Tasnim mgongoni, akasogea mpaka hatua ya sita, na bado kila Najla alipokohoa kule ndani alikisikia kikohozi na kukijua ni cha vumbi. Akajua masikio yake hayafai kuaminiwa. Yalishamponza mara moja.

Akaingia kwake, akatoka na kinu na mchi na gunia la majani makavu ya hina.

Akaanza kutwanga. Tu! Tu! Tu! Vumbi la kijani likapanda, Tasnim akatikiswa mgongoni, akapiga miayo, akalala. Jirani mmoja akaja kumuulizia Najla. Fatma akamwonyesha kwa mchi arudi alikotoka. Muuza nyanya wa sokoni akapita akapaza sauti, "Somo, hiyo hina ni ya harusi ngapi?" "Ya harusi yako, ukipata wa kukuoa!" akamjibu, na hakupoteza pigo.

Alitwanga wivu wake mle kinuni, na wivu, tofauti na hina, hausagiki. Kila akidhani umelainika unarudi juu. Kule ndani mwari wake alikuwa anasema maneno ambayo yeye hatayasikia kamwe, na kazi yake leo, kazi ngumu kuliko kukanda wazazi tisa, ilikuwa kuhakikisha hayasikii. Jasho likamtiririka. Wiki ijayo, Jumanne, alikuwa na miadi na yule mama mtu mzima, na alishapanga kumuuliza kuhusu huu wivu, kama una mkanda wake.

Saa nne na nusu mkono wa kulia ukachoka. Akainua mchi auhamishie wa kushoto, na katika ule upenyo mdogo, wala hakuwa anasikiliza, naapa hakuwa anasikiliza, sauti ya simu ikauliza huko ndani hicho kishindo ni cha nini.

"Ni somo wangu," Najla akasema. "Anatulinda."

Fatma akasimama na mchi hewani. Alitaka kusikia jibu la yule msichana. Alitaka sana, kama mtu anavyotaka kujikuna.

Akaushusha mchi kwa nguvu zake zote.